Mgongo wa Kipa wa Tatu

Sehemu ya Kumi na Mbili

"Ka!"

Hivyo ndivyo ulivyolia mgongo wa Hachiya juma lililopita, msomaji wangu, tukalazimika kumwacha hapo hapo katikati ya uwanja: ameinama, beleshi la theluji mikononi, hawezi kwenda juu wala chini, na simu inaita mfukoni.

Aliipokea akiwa vivyo hivyo, mfano wa mtu aliyeangusha sindano.

"Hachiya, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Kocha Minobe.

"Uwanjani, Kocha. Natoa theluji na mashabiki."

"Saa moja asubuhi? Siku ya mechi?"

"Kila mwaka natoa, Kocha. Mimi si wa kucheza."

"Leo unacheza."

Theluji ya kwanza ya msimu ilikuwa imeanguka usiku, ikaulalia uwanja viganja viwili kwenda chini. Klabu ya Mizukura haina mtambo wa kuiyeyusha. Ina watu mia tatu wenye mabeleshi, nao wote walikuwa wakitazama kazi zao. Hakuna aliyeona uso wa Hachiya ulivyobadilika, maana uso wenyewe ulikuwa umetazama ardhi.

"Sakuma je?" aliuliza. Sakuma ndiye kipa wa kwanza, Nagi wa pili, Hachiya wa tatu.

"Sakuma amekula chaza wabichi."

"Si klabu imetukataza vibichi tangu mwezi wa kumi?"

"Imekataza. Lakini chaza wenyewe wameletwa na mama mkwe wake, kapu zima, kutoka pwani. Wewe ungemkatalia mama mkwe?"

Hachiya alimfikiria mama mkwe wake mwenyewe. "Nisingemkatalia, Kocha."

"Basi mwenzako yuko chooni tangu alfajiri."

"Na Nagi?"

"Nagi tumeazimwa na Hamatsuka, na mkataba unasema asicheze dhidi ya klabu iliyotuazima. Haya niambie, leo tunacheza na nani?"

"Na Hamatsuka."

"Umebaki wewe. Mbona unaongea kama uko ndani ya pipa? U mzima?"

Hapa, msomaji, ndipo penye kiini cha mambo. Hachiya ana umri wa miaka thelathini na minane. Ameivaa jezi ya Mizukura misimu sita, na katika misimu hiyo sita hajacheza hata dakika moja ya ligi. Jumanne iliyopita aliitwa ofisini, akaenda amevaa suti kama ilivyo desturi, akaambiwa kwa upole na kwa chai ya moto kwamba msimu ujao hatahitajika. Leo ni mechi ya mwisho. Akisema mgongo umekatika, basi ndiyo basi. Ataondoka hapa kama alivyokuja, glovu zikiwa safi.

"Mzima kabisa, Kocha," alisema.

Alipokata simu aliona viatu viwili vya mpira, vya kijani, vimesimama mbele ya pua yake. Alivijua. Alivinunua yeye.

"Baba Shiho," alisema mkewe, Kanae, "umepoteza kitu?"

"Sijapoteza kitu."

"Basi inuka."

"Nitainuka."

"Lini?"

Mwanamume akisema hana kitu, mkewe huanza kutafuta mahali penye kitu. Kanae aliweka beleshi lake chini, akamgusa mumewe kidole kimoja tu kiunoni. Hachiya alitoa mlio ambao kunguru wawili waliusikia wakaruka kutoka juu ya goli.

"Ahaa," alisema Kanae.

Alimwingiza katika gari lao dogo akiwa amekunjika vile vile, kiti kikarudishwa nyuma mpaka mwisho, na safari nzima Hachiya akaitazama sakafu. Nyumbani alilazwa kifudifudi juu ya mkeka, akaanza kueleza. Kanae alisikiliza chaza, akasikiliza mkataba wa Nagi, akasikiliza "mzima kabisa".

"Mpigie Kocha. Mwambie ukweli."

"Nikimwambia nitakuwa sijacheza hata dakika moja hapa, Mama Shiho. Hata moja."

"Na ukifungwa sita?"

"Nitakuwa nimecheza dakika tisini."

"Na mji ukishuka daraja la tatu kwa ajili ya mgongo wako?"

Hachiya alijua hesabu kama kila mtu Mizukura alivyoijua: wakitoka sare wanabaki daraja la pili na Hamatsuka wanashuka, wakifungwa, wanashuka wao.

Kanae alifungua sanduku la dawa.

"Vua shati," alisema. Alimbandika plasta za dawa ya kuchua kumi na moja, kutoka shingoni mpaka mahali ambapo gazeti la familia halipataji. "Nakupa kipindi kimoja. Wakati wa mapumziko unamwambia Kocha kwa kinywa chako. Usipomwambia, nashuka jukwaani namwambia mimi, mbele ya kila mtu. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Mficha maradhi..."

"Kifo humuumbua, najua."

"Wewe hutangojea kifo. Nitakuumbua mimi."

Saa sita na nusu ukungu ulikuwa umeondoka, na uwanja ulikuwa kijani kibichi katikati ya kuta nyeupe za theluji iliyorundikwa pembeni. Makipa hutangulia kutoka kwenda kupasha misuli, na kwa kuwa kipa alikuwa mmoja, alitoka mmoja, akifuatana na mwalimu wa makipa, Mzee Togashi, mtu mfupi mwenye masikio makubwa na huruma ndogo.

Desturi ni hii: kabla ya kugusa mpira, kipa huenda mbele ya jukwaa la mashabiki wake na kuwainamia.

"Inama kidogo, halafu tukimbie," alisema Mzee Togashi. "Baridi hii si ya sherehe."

"Sawa, mzee."

Hachiya akainama. Mgongo ukamkamata.

Sekunde tano. Mashabiki walipiga makofi kwa furaha. Sekunde kumi. Makofi yalipungua, watu wakaanza kutazamana. Sekunde ishirini. Mpiga ngoma wa jukwaa, baba mwenye duka la baiskeli, alivua kofia yake polepole.

"Anatuomba radhi," alinong'ona.

"Radhi ya nini?" aliuliza jirani yake. "Hajatukosea. Hajawahi kucheza."

"Ndiyo maana anaomba."

Neno hilo lilipanda jukwaa safu kwa safu. Ilipotimia nusu dakika, watu elfu nne walikuwa wamesimama, wakavua kofia zao za sufu, wakamwinamia Hachiya nao. Wazee walifuta macho. Kinamama walitafuta leso. Katika jukwaa lote alibaki mtu mmoja tu aliyenyooka, naye alikuwa Kanae, aliyekuwa akisema kwa meno yaliyobanwa, "Inuka, Baba Shiho. Inuka, aibu gani hii!"

"Inatosha, wamekuelewa," alisema Mzee Togashi.

"Sijamaliza, mzee."

"Utamaliza lini?"

"Hilo ndilo nami najiuliza."

Mzee Togashi alisogea karibu. Akanusa. Akanusa tena. Kisha, mbele ya watu elfu nne waliokuwa wakilia, akamkumbatia Hachiya kwa mikono miwili kama baba aliyempata mwanawe aliyepotea vitani, kumbe anamnyoosha.

"Plasta ngapi?" alimnong'oneza sikioni.

"Kumi na moja. Usimwambie Kocha, mzee. Nitamwambia mwenyewe mapumzikoni, nimeapa kwa mke wangu."

"Maisha yangu yote nimemwona kipa mmoja tu asiyeweza kuruka, naye alikuwa amechorwa ukutani pa shule."

"Alifungwa?"

"Mara nyingi sana."

Mechi ilianza saa nane kamili, kwa mpira wa rangi ya chungwa, ule wa siku za theluji.

Dakika ya sita, mshambuliaji wa Hamatsuka, kijana mwembamba aitwaye Yashiro, alipiga shuti kuelekea pembe ya kushoto. Hachiya aliligeuzia macho tu. Likapita nje, nusu hatua kutoka mlingotini.

"Umeona?" alisema mpiga ngoma. "Alijua linatoka. Hakuhangaika hata."

Dakika ya kumi na tisa Yashiro alibaki peke yake na kipa. Alingoja Hachiya aruke ili apige upande wa pili. Hachiya hakuruka. Yashiro aliyumbisha mwili kulia. Hachiya alimtazama. Aliyumbisha kushoto. Hachiya aliendelea kumtazama. Mwisho kijana akapiga katikati kwa kuchanganyikiwa, mpira ukamgonga Hachiya kifuani na kurudi zake.

"Ana nini yule mzee?" Yashiro alimlalamikia mwenzake. "Kwa nini haogopi?"

Kipa asiyesogea ni kama mtu asiyejibu barua: unaanza kujiuliza umemkosea nini.

Shuti la tatu liligonga mwamba. La nne lilimpata usoni, bila yeye kuchangia chochote. Jukwaani, Nagi alikuwa amekaa na suti yake nyeusi na tai, maskini ya Mungu, akiwa hana ruhusa ya kucheza wala moyo wa kuchagua. Kila mara Hachiya alipogongwa, mikono ya Nagi iliinuka kupiga makofi. Kisha alikumbuka waajiri wake wamekaa safu ya nyuma, akaigeuza mikono kuwa ya mtu anayeifikicha kwa baridi.

Mapumziko yalifika, sifuri kwa sifuri.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, wachezaji walimpigapiga Hachiya mgongoni kumpongeza. Machozi yalimtoka. Walidhani ni ya furaha.

"Kwa nini chumba hiki kinanuka duka la dawa?" aliuliza Kocha Minobe.

Hachiya alisimama mbele yake. Hakuinama, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kuomba radhi akiwa amenyooka.

"Kocha, nimekudanganya. Mgongo wangu umeshikana. Siwezi kuruka wala kugeuka."

Kocha alimsogelea.

"Tangu lini?"

"Tangu saa moja asubuhi. Ulipopiga simu, nilikuwa nimeshainama."

"Ukasema 'mzima kabisa'."

"Nilisema."

Kocha Minobe si mtu wa kupaza sauti, na siku hiyo hakuipaza. Ndiyo maana iliuma zaidi. "Watu elfu tisa wamo humu, Hachiya. Wengine wametoa theluji kwa mikono yao. Umewabeba wote juu ya mgongo ambao unajua haubebi. Ni kwa ajili ya nini?"

"Nilitaka kucheza mara moja, Kocha."

Hakuna aliyemcheka. Wengi wao walikuwa wameitwa katika ofisi ile ile, au walijua siku itafika.

"Sasa nimweke nani?" Kocha aliwageukia wengine. "Kipa hatuna. Nani amewahi kudaka?"

Kiungo mmoja, Ubukata, aliinua mkono. "Mimi, Kocha. Shule ya msingi."

"Ulikuwa unadaka vizuri?"

"Ndiyo maana wakanifanya kiungo."

Kocha Minobe alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa ameamua.

"Sikilizeni. Hamatsuka hawajui kitu. Wao wanadhani ni utulivu. Hachiya, kipindi cha pili usijaribu kuruka. Simama kama ulivyosimama, jikaze kama unawadharau. Ninyi mabeki, shuti lolote likimfikia, nitajua mmelala. Na tukimaliza, Hachiya, wewe na mimi tuna maneno."

"Ndiyo, Kocha."

"Kaa mbali na mimi sasa. Dawa yako inaniwasha macho."

Nje, chini kabisa ya ngazi za jukwaa, Kanae alikuwa ameshafika kwenye uzio, koti limefungwa vifungo vyote, akimweleza mlinzi kwa adabu kwamba ana neno dogo na kocha. Aliposikia timu inatoka alimtafuta mumewe kwa macho. Hachiya akamwonyesha kwa kichwa: nimesema. Kanae akamwomba mlinzi radhi kwa usumbufu, akapanda tena ngazi moja moja.

Kipindi cha pili mabeki wa Mizukura, ambao msimu mzima walikaba kama watu wanaosubiri zamu kwa kinyozi, walikaba kama watu ambao nyumba yao inaungua. Walizuia kwa magoti, kwa mapaja, kwa vichwa. Kocha Minobe alimaliza wachezaji wake wote wa akiba dakika ya themanini, kila aliyechoka akatolewa. Hachiya alisimama langoni mikono kiunoni. Alikuwa anaushikilia mgongo. Hamatsuka waliona mtu mwenye majivuno.

Dakika tisini zikatimia. Zikaongezwa nne.

Katika dakika ya pili ya nyongeza, krosi iliingia kutoka kulia, ya juu, ya ovyo, ikielekea kutoka nje yenyewe bila kumsumbua mtu. Sijui ni yale mazungumzo ya mapumziko yaliyomwingia kichwani. Ubukata aliruka, akanyoosha mikono yote miwili, akaupangua mpira kama kipa wa kitabuni.

Ilikuwa kazi safi kabisa. Ilikuwa pia penalti.

"Ubukata!" alilia Kocha Minobe. "Nilisema nitakuweka? Nilisema?"

Ubukata alipewa kadi ya njano, akabaki akitazama viganja vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Yashiro aliweka mpira. Ilisikika theluji ikidondoka kutoka paa la jukwaa. Hachiya alisimama juu ya mstari, akajiambia neno moja tu: simama. Kijana akakimbia. Na kabla mguu haujaufikia mpira, mgongo wa Hachiya, ambao tangu asubuhi haukuwa ukimtii mtu, ulimchoma ghafla na kumsukuma hatua moja mbele. Mpira ulimgonga kwenye ugoko. Akaanguka juu yake kifudifudi, mzima mzima, kama mlango uliong'olewa.

Ameokoa!

Ngoma ikapasuka kelele. Nagi alipiga makofi matatu kamili kabla hajakumbuka baridi. Wageni kwa wenyeji hawakusikilizana. Kanae alikaa chini ghafla, akafunika uso.

Kisha, pembeni, kibendera kikainuka.

Mwamuzi alimwendea msaidizi wake. Wakasemezana. Akarudi, akaonyesha tena kwa kidole mahali pa kupigia penalti. Mtu ambaye siku nzima hakusogea alikuwa ameadhibiwa kwa kusogea mapema. Irudiwe.

Hachiya aliisikia hukumu akiwa bado amelala juu ya mpira.

"Unaweza kuinuka?" aliuliza daktari wa timu, akipiga magoti kando yake.

"Nikishasimama nitasimama hadi kesho, Daktari. Kazi ni kufika huko."

Kivuli kiliwafunika. Alikuwa Ubukata, amenyoosha mikono yake ile ile yenye hatia.

"Kaka Hachiya, nipe glovu. Kocha anasema inatosha. Umecheza, umeokoa penalti. Hakuna atakayekulaumu. Ikiingia, lawama ni yangu."

Ni kweli. Hakuna ambaye angemlaumu. Angetolewa kwa machela huku watu elfu tisa wakisimama, na lililofuata lisingeandikwa kwa jina lake. Mkono wa Hachiya ulikwenda kwenye ukanda wa glovu ya kulia, ukaufungua nusu.

Akamtazama Ubukata usoni.

"Ubukata."

"Naam, kaka."

"Shule ya msingi, uliwahi kuokoa penalti?"

"Hapana, kaka."

"Basi niinueni."

Walimwinua wanne, wawili makwapani na wawili miguuni, kama wanavyohamisha kabati, wakamsimamisha juu ya mstari na kumgeuza uso mbele. Alifunga tena ukanda wa glovu kwa meno. Kwenye benchi Kocha Minobe aliinua mkono kukataa, akaushusha.

Mwamuzi alikuja. "Kipa, ukitoka tena mstarini kabla mpira haujapigwa, ni kadi."

"Mheshimiwa, kwa mgongo huu, nitoke niende wapi?"

Mwamuzi yule, ambaye inasemekana hajacheka tangu aanze kazi, alilazimika kugeuka na kutazama saa yake.

Yashiro aliweka mpira mara ya pili. Safari hii hakumtazama kipa kabisa. Alikuwa amechoka kutazamwa. Alirudi nyuma hatua tano. Jukwaani Kanae alisimama, akaviondoa viganja usoni, akaamua kuona.

Filimbi ikalia.

Yashiro akaanza kukimbia. Na hapo, bila sababu, bila onyo, kwa mara ya kwanza tangu saa moja asubuhi, Hachiya alihisi kitu kikiteleza kiunoni mwake na kurudi mahali pake.

Mgongo ulikuwa umeachia.

Aliweza kuruka. Na kijana alikuwa amebakiza hatua mbili, na Hachiya hakuwa amefikiria hata mara moja, siku nzima, kwamba itambidi achague upande.